Alice Lakwena hakufika Nakawa

Tarehe 17 Januari 2007, katika kambi ya Ifo huko Dadaab, kaskazini-mashariki mwa Kenya, alifariki mkimbizi mmoja kutoka Uganda. Alikuwa mama wa miaka 50 hivi, na hakuugua muda mrefu. Ifo ilifunguliwa mwaka 1991 kwa ajili ya Wasomali waliokimbia vita vya kwao, na watu wa Uganda mle ndani walikuwa wachache sana, kama punje za mahindi kwenye gunia la mchele. Kwenye makaratasi aliitwa Alice Auma. Dunia ilimjua kwa jina la Alice Lakwena. Miaka ishirini kabla ya kufa, maelfu ya askari walimfuata kwa miguu kutoka Acholi hadi karibu na Jinja. Pale walibakiza kilomita 80 tu kufika Kampala.

Sisi tunaokaa huku Nakawa barabara ya Jinja tunaijua. Ndiyo inayoleta malori kutoka Kenya, ndiyo tunayovuka asubuhi kwenda sokoni huku bodaboda wakitupigia honi. Mtu akitoka Jinja anapita Mukono, anakuja Kireka, Banda, Kyambogo, halafu Nakawa, na hapo ameshaingia mjini. Kilima cha Mbuya, penye Wizara ya Ulinzi, kiko hapo hapo. Kama jeshi la Lakwena lingevuka Nile mwaka 1987, lingekuja kwa njia hii.

Halikuvuka. Na hadithi yake mjini husimuliwa kwa kicheko: yule mwanamke aliyewaambia askari wajipake mafuta risasi zisiwaingie, eti mawe yatalipuka kama bomu! Watu wanacheka, halafu wanahamia kwa Kony, na kwa Kony hakuna anayecheka. Sisi tuliotoka Kivu hatuna haki ya kucheka sana. Mayi-Mayi wetu nao wana maji yao, wana chanjo zao, na miiko yao: usiguse mwanamke, usiibe, usile hiki na kile. Maji ya Mulele yalikuwepo tangu mwaka 1964. Na kabla ya hapo kuna Maji Maji ya Tanganyika, 1905. Kwa hiyo mafuta na mawe si kitu kigeni katika nchi hizi.

Kigeni ni kitu kingine, na ndicho wanaocheka wanakiruka. Adui wa kwanza wa Lakwena hakuwa Museveni. Adui wa kwanza walikuwa wafu ambao askari wake mwenyewe walikuwa wamewabeba mgongoni.

Turudi nyuma kidogo. Kuanzia mwaka 1981 Museveni na watu wake wa NRA walipigana msituni Luwero, kaskazini mwa Kampala, na serikali ya Obote ikapeleka jeshi lake, UNLA, kuwatafuta. Ndani ya UNLA Waacholi na Walango walikuwa wengi. Raia waliuawa Luwero kwa maelfu, na vita vilipokwisha mafuvu yalipangwa kando ya barabara ili kila anayepita aone. Tarehe 27 Julai 1985 maofisa wa Kiacholi wakampindua Obote, Tito Okello akawa rais. Mwezi wa Desemba wakatia sahihi mapatano ya amani na Museveni huko Nairobi. Mapatano hayakukaa hata miezi miwili: tarehe 26 Januari 1986 NRA waliteka Kampala. Askari wa UNLA wakakimbia kaskazini, wakavuka Nile, wakarudi vijijini kwao na bunduki mkononi.

Mfikirie kijana huyo anavyorudi. Aliondoka akiwa mtoto wa mtu, anarudi akiwa amefanya mambo ambayo hawezi kumwambia mama yake. Waacholi wana neno, cen. Ni roho ya mtu aliyekufa vibaya, mara nyingi aliyeuawa, ambayo inamfuata aliyemuua na kuingia nyumbani kwake: inaleta wazimu, maradhi, watoto kufa. Kwa desturi, mtu aliyeua vitani hakuingia tu nyumbani akakaa mezani na wengine. Wazee walimsafisha kwanza. Lakini hawa waliorudi mwaka 1986 walikuwa wameua watu wasiojua majina yao, mbali, katika nchi ambayo wazee wa Acholi hawana usemi nayo. Na wengi wao walikataa kusafishwa. Walikuwa wamezoea amri ya bunduki. Mzee wa kijiji ni nani kwao? Basi mabaya yote yaliyotokea mwaka ule wazee waliyatupa kwao. Ni ninyi mlioleta cen nyumbani.

Na mabaya yalikuwa mengi. NRA walifika Gulu na Kitgum mwezi wa Machi 1986. Mwanzoni kulikuwa na utulivu. Baadaye ikaja amri ya kurudisha bunduki, na pamoja nayo watu kukamatwa, kupigwa, wengine kuuawa. Vijana waliokumbuka jinsi Amin alivyowachinja askari wa Kiacholi kambini mwaka 1971 hawakungoja kuona mwisho wake. Wakarudi porini. Maofisa wa zamani wakaunda jeshi lao la UPDA. Juu ya hayo, Wakaramojong wakaja kuchukua ng'ombe, na ng'ombe kwa Waacholi ni mahari, ni shule, ni benki. Katika muda mfupi zizi likabaki na kinyesi tu.

Alice alizaliwa mwaka 1956. Baba yake ni Severino Lukoya. Aliolewa mara mbili na mara mbili ndoa ikavunjika kwa sababu hakupata mtoto, na kila mama anayesoma hapa anajua hilo lina maana gani kijijini. Akaenda Opit, kituo kidogo cha reli upande wa kusini-mashariki wa Gulu, akafanya biashara ndogo. Kufuatana na masimulizi ya watu wake, mwaka 1985 roho ilimshika. Baba alimzungusha kwa waganga, hakuna aliyeweza. Halafu roho ikampeleka Paraa, kwenye maporomoko ya Murchison, akakaa siku 40, akarudi mponyaji.

Roho hiyo ilijiita Lakwena, maana yake mjumbe. Ilisema ni ofisa wa Kitaliano aliyekufa karibu na Murchison wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Watu wa mbali wanaona hapo kichekesho. Mimi naona akili ya mahali: katika Acholi, tangu zamani, padri ni Mtaliano, na hospitali kubwa ya Lacor pale Gulu ilianzishwa na wamisionari wa Kitaliano. Ukitafuta roho ya kigeni yenye nguvu ya kuponya, utampata nani mwingine? Na kuna jambo la pili. Roho ni mwanamume na ni ofisa. Askari wa zamani wa UNLA, ambao hawakumsikiliza hata mzee, waliweza kumtii Alice kwa sababu, kwa hesabu yao, hawakumtii Alice. Yeye alikaa kwenye kiti, amevaa kanzu nyeupe, roho ikasema kwa mdomo wake, karani akaandika. Akizinduka anaulizwa na anaambiwa yaliyosemwa. Ndiyo maana ukimwita "kamanda Alice" yeye mwenyewe angekataa. Kamanda ni Lakwena, yeye ni chombo.

Tarehe 6 Agosti 1986, Lakwena alimwamuru aache kutibu. Sababu iliyotolewa ni ya kuumiza: unamponya mtu leo ili apigwe risasi kesho, faida yake nini? Ainue jeshi apige vita uovu wenyewe. Ndipo likazaliwa Holy Spirit Mobile Forces, jeshi la Roho Mtakatifu linalotembea. Mwezi wa Oktoba walijaribu Gulu wakashindwa. Baadaye, huko Corner Kilak, askari wa NRA walikimbia wakaacha silaha, na habari ikaenea haraka kuliko redio.

Sasa tazama jinsi mtu alivyoingia katika jeshi hilo. Alitoa hirizi zake zote zikachomwa. Alinyunyiziwa maji, akapakwa mafuta ya yaa, yale yanayotoka kwenye mbegu za mshea. Akatangazwa safi. Yale ya Luwero yamekwisha. Halafu akapewa amri 20. Usiibe. Usinywe pombe, usivute sigara. Usilale na mwanamke. Usigombane. Usile nguruwe wala kondoo. Usisalimiane kwa mkono na mtu njiani. Usijifiche nyuma ya mti wala kichuguu vita vikianza. (Iko moja inayohusu hesabu ya viungo vya mwanamume, hiyo wazee watawaelezeni.) Na katikati yake: usiue.

Jeshi, na amri inasema usiue! Si upuuzi, lina mantiki yake. Askari wa Lakwena hawakutakiwa kulenga shabaha. Walisimama wima, waliimba nyimbo za kanisani, wakaenda mbele, na wenye bunduki wakapiga bila kuchagua mtu. Kazi ya kuipeleka risasi kwa anayestahili ilikuwa ya roho. Nyuki, nyoka, mito na milima walihesabiwa kuwa wako upande wao, pamoja na roho 140,000. Kila kikosi kilikuwa na roho yake: mmoja aliitwa Wrong Element, anatoka Marekani, mwingine Ching Poh, anatoka Korea, na wa tatu Franko, anatoka Zaire, kwa hiyo hata huko tulikuwa na mjumbe. Unaona kilichofanyika? Kama mimi sikulenga, basi mimi sikuua. Kama sikuua, cen hana pa kunishika. Mwanamke huyu alitafuta namna ya kupigana vita ambayo askari akitoka anaweza kurudi kwa mama yake.

Sijui kamanda mwingine wa nchi hizi aliyejiuliza swali hilo kabla ya vita. Wote tuliowaona huuliza risasi ngapi na mafuta ya gari kiasi gani.

Na mwanzoni watu walifaidika. Waliotoroka UNLA na UPDA waliokuwa wanawaibia wanakijiji wao wenyewe, chini ya Lakwena waliacha. Kulikuwa na makarani, daftari, kumbukumbu za vikao. Wanawake walikuwemo. Wasomi walikuwemo: Profesa Isaac Newton Ojok, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Obote, alijiunga naye. Wengi walikuja wenyewe kwa miguu yao. Magazeti ya Kampala yalimwita mchawi, yakamwita malaya, kwa sababu mwanamke akiongoza wanaume lazima apatiwe mojawapo ya majina hayo mawili.

Lakini hapa naachana na wanaomtukuza, na wapo. Mtu akipigwa risasi amesimama wima, mbele ya bunduki kubwa, kichwani mafuta tu, jibu la Lakwena lilikuwa tayari: huyo alivunja amri. Alilala na mwanamke. Aliiba. Moyo wake haukuwa safi. Jibu hilo haliwezi kushindwa kamwe. Ukishinda, roho ni kweli. Ukifa, wewe ndiye mwongo. Kamanda wa kawaida akipoteza watu mia kwa siku moja, kuna mtu atamuuliza. Kamanda huyu hakuna wa kumuuliza, maana waliokufa walishahukumiwa na kufa kwao. Na habari inarudi nyumbani hivyo hivyo. Mama anaambiwa mtoto wake amekufa, na papo hapo anaambiwa alikuwa mchafu.

Hilo kwetu tunalijua vizuri. Kijana alikunywa maji, akaanguka, na kabla hajazikwa watu wanasema: alimgusa mwanamke yule. Nimesikia jamaa wakilibeba neno hilo mpaka ukimbizini, hawamlilii mtoto wao kwa sauti. Namlaumu Lakwena kwa hili kuliko kwa mawe. Alitaka kuwaondolea vijana hatia ya wale waliowaua, akawatwika hatia ya kifo chao wenyewe.

Katika nusu ya pili ya mwaka 1987 jeshi lilielekea kusini. Lilipita Lango, likapita Teso, ambako ng'ombe walikuwa wamekwisha vilevile na vijana wengi wana hasira, likapita upande wa Tororo, likaingia Busoga. Wanataja watu 7,000, wengine 10,000. Mpaka Teso mambo yalikwenda, kwa sababu uchungu wa watu ulifanana. Busoga ilikuwa nchi nyingine. Lugha ni nyingine. Kwa Msoga, mwanamume mwenye bunduki anayetoka kaskazini alikuwa askari wa Amin au wa Obote, na alimkumbuka. Mjumbe gani? Msafi gani? Hakuna aliyewauliza Wasoga kama wanataka kukombolewa. Wanakijiji waliwaonyesha NRA mahali jeshi lilipolala, na NRA walikuwa na mizinga.

Mwisho ulikuja upande wa Magamaga, karibu na Jinja, mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba. Watu waliokuwa wanaimba walipigwa kwa mizinga. Waliobaki wakatawanyika, na Alice akatoroka kwenda Kenya. Wengi husimulia kwamba sehemu ya njia alipakiwa kwenye baiskeli. Mwezi wa Desemba polisi wa Kenya walimkamata, akafungwa miezi kadhaa kwa kosa la kuingia nchini bila karatasi. Hebu tulia hapo. Ameleta jeshi la maelfu hadi mlangoni mwa Kampala, na kosa aliloandikiwa ni lile lile ambalo nusu yetu tumewahi kuandikiwa.

Kutoka hapo maisha yake yanakuwa kama yetu na hayana mengi ya kusimulia. Kambi, mgao, kungoja. Serikali ya Uganda ilipitisha sheria ya msamaha mwaka 2000, na kurudi kwake kulizungumzwa. Hakurudi akiwa hai. Mwili ulirudishwa na ukazikwa Bungatira, Gulu, mwezi wa Februari 2007.

Kitu alichoanzisha hakikungoja. Baba yake alikusanya mabaki ya watu wake, akaendelea kwa muda hadi mwaka 1989. UPDA walifanya amani na serikali tarehe 3 Juni 1988. Waliokataa amani walikwenda kwa Joseph Kony. Kony alichukua mafuta, alichukua msalaba wa maji, alichukua hata amri. Swali hakulichukua. Lakwena aliogopa kwamba askari wake wataua na kuharibika. Kony aliona kwamba mtoto akishalazimishwa kuua hawezi tena kutoroka kwenda nyumbani, na akaitumia hofu hiyo hiyo ya cen kama kamba. Ni elimu ile ile imegeuzwa kichwa chini. Ikafika wakati watu milioni 1.8 wa kaskazini wanakaa kwenye kambi ndani ya nchi yao wenyewe.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, siandiki haya ili niseme waganga wana majibu kuliko semina zenu. Lakini mkija kambini mnatuhesabu kwa mafungu: wajane, yatima, wazee, wenye ulemavu. Fungu la waliowahi kuua halipo kwenye fomu. Wapo. Tunapanga nao foleni ya mgao, wengine walichukuliwa wadogo, wengine walikwenda wenyewe, na usiku tunawasikia wakipiga kelele usingizini. Nani aseme? Akisema atapoteza faili lake la ukimbizi, na jirani yake huenda ndiye aliyetoka kijiji kile. Waacholi wamejaribu njia zao: kukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, kunywa pamoja dawa chungu ya mato oput. Njia hizo zinataka pande zote mbili ziwepo na zijuane. Katika kambi ya mataifa matano, nani atakanyaga yai mbele ya nani? Alice Auma aliishi miaka mingi mahali pa namna hiyo. Hakuna aliyeandika kama mtu yeyote alimletea swali lake la zamani.

Waacholi walifika Nakawa hata hivyo. Hawakuja na jeshi. Walikuja kwa mabasi na malori, familia kwa familia, miaka yote ya Kony, wakajenga kwenye mteremko wa upande wa Banda na Kireka, mahali panapoitwa Acholi Quarter. Pana machimbo ya mawe pale. Kwa miaka mingi akina mama wamekaa juani na nyundo, watoto pembeni, wakipasua mawe kuwa kokoto za kuuzia wajenzi, na jioni wengine wakisokota shanga za karatasi. Vita kaskazini vilinyamaza tangu mwaka 2006. Wengi hawajarudi.